Kuvuta tela zito: Tuutazame na mteremko

Huko Marekani na Kanada wako watu wengi, hasa wazee waliostaafu, ambao nyumba yao ni tela. Ndani ya tela hilo mna vitanda, jiko, choo na tangi la maji, na linapohamishwa huvutwa na pikapu ya mwenye nyumba. Matela makubwa ya aina hiyo hayafungwi nyuma ya bampa. Hulaza shingo yake juu ya bodi ya pikapu, yakashikwa hapo na kiungio kiitwacho gurudumu la tano. Limekuwako kwa muda mrefu swali moja lisilokwisha: je, pikapu yaweza kuvuta tela zito namna hiyo kwa usalama? Wauzaji hujibu kwa haraka kwamba yaweza. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli barabarani huweza kuua.

Huenda msomaji akauliza jambo hili latuhusu nini sisi. Latuhusu, kwa sababu kiungio hicho ni kile kile kinachounganisha kichwa na tela katika malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, Kongo na Rwanda. Aidha, wako ndugu zetu wanaoishi huko, nao huuziwa magari kwa maneno yale yale. Mlima Kitonga na milima ya Colorado haitofautiani katika jambo hili: uzito ni uzito popote uendapo.

Jina lenyewe limetoka katika magari ya farasi. Juu ya ekseli ya mbele paliwekwa duara la chuma lililolala, ili ekseli iweze kugeuka huku bodi ikikaa juu yake. Duara hilo ndilo lililoitwa gurudumu la tano. Katika mwaka 1914, mhunzi mmoja wa Detroit, August Fruehauf, alitengeneza tela la kuchukua mashua ya mteja wake, likavutwa na gari la Ford. Tela hilo halikuwa na magurudumu ya mbele. Sehemu ya uzito wake ililalia gari lililolivuta. Hapo ndipo penye kiini cha mjadala wetu.

Kuvuta si kubeba

Tela la gurudumu la tano halivutwi tu, bali hubebwa pia. Kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wake hukaa juu ya pikapu kwa njia ya kingpini. Jambo hilo lina faida kubwa. Kwa kuwa uzito huo unakaa juu ya ekseli ya nyuma, au mbele yake kidogo, tela hutulia na haliyumbi kirahisi kama lile linalofungwa nyuma ya bampa. Lakini faida hiyo ina bei yake, na bei hiyo hulipwa na springi, matairi na ekseli ya pikapu.

Matangazo ya biashara hayapendi kuitaja bei hiyo. Mwaka 2019 kampuni ya Ram ilitangaza kwamba pikapu yake ya aina ya 3500 iliweza kuvuta ratili 35,100, yaani karibu kilo 15,900. Tarakimu hiyo ilitikisa soko. Lakini ilihusu muundo mmoja ulioandaliwa maalumu kwa kazi hiyo, wala haikuwa ya kila pikapu yenye jina hilo. Mnunuzi asomaye tangazo hukumbuka tarakimu kubwa. Kibandiko kidogo kilichopo penye mlango wa dereva, kinachosema abiria na mizigo visizidi uzito gani, hakisomi.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Tela lina kilo 6,350, nayo asilimia 20 ya uzito huo ni kilo 1,270. Pikapu imeruhusiwa kuwa na uzito wa kilo 4,536 pamoja na kila kilichomo. Nayo ikiwa tupu, tangi limejaa mafuta, ina kilo 3,500. Basi nafasi iliyobaki ni kilo 1,036. Toa kilo 90 za kiungio, kilo 160 za mume na mke, na kilo 50 za vyombo na zana. Zimebaki kilo 736. Tela linadai kilo 1,270. Pikapu hiyo imezidishiwa kilo 534 kabla haijaondoka uani, ingawa injini yake yaweza kulivuta tela hilo bila kulalamika. Injini haitamwonya dereva. Atakayeonywa kwanza ni tairi la nyuma, na tairi halina mdomo.

Kupanda na kushuka

Haki itendeke: wahandisi hawakulala. Tangu mwaka 2008 kuna kipimo kinachoitwa J2807, kilichowekwa ili makampuni yaache kujitungia tarakimu za kuvuta kila moja kwa namna yake. Toyota ilikuwa ya kwanza kukifuata, katika magari yake ya mwaka 2011, na makampuni mengine yakafuata baadaye. Sehemu mojawapo ya kipimo hicho ni kupanda mwinuko ulio karibu na bwawa la Davis, katika jimbo la Arizona, kiasi cha kilometa 18, katika joto la nyuzi 38, huku kiyoyozi kikifanya kazi. Gari linaloupanda mwinuko huo bila kuchemsha limeonyesha kweli nguvu zake.

Lakini wahenga walikwisha kutuambia: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Pikapu na tela la mfano wetu zina uzito unaozidi tani 10. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopaswa kuzimwa na breki huongezeka mara nne. Barabara kuu nambari 70 ya Colorado hupita katika handaki la Eisenhower, mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka kwa mwinamo unaofikia asilimia 7. Katika barabara hiyo hiyo, mjini Lakewood, tarehe 25 Aprili 2019, lori ambalo dereva wake alisema breki zimemshinda liliyagonga magari yaliyosimama kwenye foleni, na watu 4 wakapoteza maisha. Lile lilikuwa lori la biashara, halikuwa pikapu. Hata hivyo breki iliyochemka haiulizi kama gari ni la biashara au la matembezi.

Kwa sababu hiyo breki za tela si pambo. Katika matela haya nyingi huendeshwa kwa umeme utokao kwenye pikapu, na dereva ndiye azirekebishaye kulingana na mzigo. Kuna pia swichi ya dharura inayokaza breki za tela endapo litachomoka. Dereva asiyezijaribu kabla ya safari, na ambaye hushuka mlima katika gea kubwa mguu ukiwa juu ya breki, ameyaweka maisha yake na ya wenziwe rehani.

Hoja ya wanaopinga

Wako wasemao kwamba tarakimu za kibandiko ni makaratasi tu. Hoja yao si ya kupuuzwa. Katika sheria za shirikisho la Marekani, gari lenye uzito ulioidhinishwa wa kuanzia ratili 10,001 linalotumika kwa biashara baina ya majimbo huingia katika kanuni za magari ya biashara. Basi pikapu nyingi huidhinishwa kwa ratili 10,000 kamili, hata pale ambapo ekseli zake mbili, zikijumlishwa, zaweza kubeba zaidi. Wamiliki wanaolijua hilo husema: gari letu ni imara kuliko karatasi yake.

Huenda likawa hivyo. Lakini mwenye gari hana njia ya kujua ni kilo ngapi katika tarakimu hiyo ziliwekwa na mhandisi, na ngapi ziliwekwa na mwanasheria. Akibahatisha, habahatishi peke yake. Mama anayevuka barabara na watoto walio katika gari la mbele hawakuulizwa kama wanakubali kuingia katika bahati nasibu hiyo.

Basi jibu letu ni lipi? Pikapu yaweza kuvuta tela zito la gurudumu la tano kwa usalama, ikiwa ni pikapu iliyoundwa kwa mzigo huo. Kwa matela makubwa, maana yake aghalabu ni pikapu yenye matairi mawili mawili nyuma, ambayo ni ghali zaidi na ngumu kuegesha mjini. Asiyetaka gharama hiyo anunue tela dogo. Hakuna njia ya tatu, na springi za nyongeza wanazouziwa watu huinua mkia wa gari tu. Haziongezi hata kilo moja katika uzito ulioidhinishwa.

Mzani ndio shahidi

Mnunuzi na apime. Huko Marekani ziko mizani za kulipia katika vituo vya malori. Aipime pikapu ikiwa na familia yake na mafuta, kisha aipime tena ikiwa na tela, na aangalie kila ekseli. Uzito wa tela tupu ulioandikwa katika kijitabu cha muuzaji usimdanganye, kwa kuwa hakuna aishiye katika nyumba tupu. Lita 200 za maji peke yake ni kilo 200.

Serikali nazo zina wajibu wao. California hudai leseni ya daraja la juu zaidi kwa dereva wa tela la gurudumu la tano linalozidi ratili 15,000. Lakini katika majimbo mengi mtu mwenye leseni ya kawaida huondoka na nyumba nzima mgongoni bila kupitia mzani wowote. Kwetu Afrika ya Mashariki, sheria ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwezi Machi 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na vikomo vya kila ekseli. Madereva huinung'unikia foleni ya Vigwaza, lakini mzani huwauliza swali la haki: si kiasi gani unaweza kuvuta, bali mzigo wako umekaa wapi.

Swali hilo na aulizwe kila mtu afungaye tela nyuma ya gari lake, awe Colorado au Morogoro, na alijibu kabla hajawasha injini. Mlimani atakuwa amechelewa.