Injini iliyokataa kupata moto

Baridi imeshapiga hodi huku Uingereza. Wenzetu wa Muscat na Dubai najua mnasoma ukurasa huu kiyoyozi kikiwa kinanguruma, basi mtuvumilie. Mwezi huu nilikusudia kuandika juu ya matairi, lakini gari langu mwenyewe limenipa somo jingine, na nadhani litawafaa zaidi, hasa nyinyi wanafunzi mnaonunua dizeli kuukuu kwa sababu bei imeshuka.

Gari letu ni la mwaka 2011, injini ya dizeli ya lita 2. Ndilo linalompeleka Mama Salma kazini, kwenye nyumba ya wazee nje kidogo ya Leicester, zamu ya usiku. Mwanzoni mwa Novemba alianza kulalamika kwamba hita haipashi. "Natoka kazini saa moja asubuhi, nafika nyumbani vidole bado vimekufa ganzi." Nikamwambia avae glavu. Naliandika hili kwa aibu, maana mshale wa joto nilikuwa nimeuona haufiki katikati kama zamani, na moyoni nikafurahi. Nimekulia Tanga. Kwetu mshale ukipanda ndipo abiria wanashuka na dereva anahangaika kutafuta maji. Ukibaki chini unamshukuru Mungu na safari inaendelea.

Wiki ya tatu ikawaka taa ya njano, ile ya filta ya masizi ambayo mafundi wa huku huiita DPF. Kwa wasioijua: iko kwenye bomba la moshi, inakamata masizi yasitoke hewani. Ikijaa, kompyuta ya gari inamwaga dizeli ya ziada ili moshi upate moto wa nyuzi kama 600 hivi, masizi yanaungua na filta inakuwa nyeupe tena. Kazi hiyo inafanyika yenyewe ukiwa barabarani, bila wewe kujua. Taa ikiwaka maana yake kazi haikufanyika.

Gereji tuliyokwenda ikachomeka mashine yake na kutoa hukumu ndani ya dakika kumi: filta imeziba, mpya pamoja na ufundi ni paundi 1,350. Sasa, kabatini mwetu kuna bahasha, na ndani yake mlikuwa na paundi 1,500, nauli ya Mama Salma na mtoto kwenda Tanga Desemba. Mama mkwe macho yanamwishia. Salma ana miaka minne na bibi yake hajamwona ila kwenye simu. Mama Salma hakusema neno pale gereji. Kwenye gari akasema, "Bila gari sina kazi. Toa tu kwenye bahasha."

Rafiki mmoja akanishauri tuitoboe filta, tuikomboe ndani, paundi 200 na mchezo umekwisha. Wapo wanaofanya. Lakini tangu Februari 2014 ukaguzi wa kila mwaka wa huku, MOT, unaangalia kama filta ipo, na tangu Mei 2018 gari lenye filta likitoa moshi unaoonekana linaanguka mtihani. Unaokoa pesa leo, unazilipa mwakani.

Usiku ule nikampigia mjomba wangu, fundi wa magari pale Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hamjambo huko kwenye friji?"

Nikamweleza habari ya taa, kisha nikataja na mshale kukaa chini. Akacheka. "Chini ndiyo vizuri! Mimi huku themostati naing'oa, natupa, injini inakaa baridi mpaka jioni."

Nilipokata simu neno lile likanikaa. Gari langu lilikuwa linafanya kama gari lililong'olewa themostati.

Themostati ni kidude kidogo kinachotosha kiganjani, chenye nta ndani na springi. Injini ikiwa baridi kinafunga njia ya kwenda kwenye rejeta, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto haraka. Yakifika nyuzi 87 hivi, nta inatanuka, mlango unafunguka, rejeta inaanza kupoza. Kikikwama kikiwa kimefungwa, injini inachemka na kila mtu anajua. Kikikwama kikiwa wazi, rejeta inapoza muda wote na hakuna anayelia. Kwa dizeli ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu dizeli haipotezi joto jingi kama petroli. Asubuhi ya nyuzi 2 unaweza kuiacha ikinguruma robo saa na bado maji ni vuguvugu. Na kompyuta ikiona maji ni baridi, katika magari mengi haikubali kuanza kuchoma masizi. Inangoja joto lisilokuja, filta inajaa.

Lakini kuhisi si kujua, na nilikuwa nimeshahisi vibaya mara moja. Nikaanza kupima.

Kwanza maji yenyewe, injini ikiwa imelala usiku kucha. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto, hata kama una haraka. Yakipungua, hita inaweza kupuliza baridi bila kosa la themostati. Yangu yalikuwa kwenye mstari.

Pili, nilitaka kujua kama mshale unasema kweli. Nyingi ya geji za siku hizi zinaongozwa na kompyuta: joto halisi likiwa 75 au 100, mshale unasimama palepale 90 ili dereva asihangaike. Kwa hiyo ukiuona umeshuka, ujue tatizo si la jana. Nilinunua kifaa kidogo cha paundi 12 kinachochomekwa chini ya dashibodi na kutuma namba kwenye simu. Alfajiri, kabla ya kuwasha, nikasoma: joto la maji 4, joto la hewa inayoingia kwenye injini 4. Gari lililolala nje linatakiwa liseme hivyo, namba zikaribiane. Sensa ya maji ingekuwa mbovu mara nyingi namba ingekuwa ya ajabu, kama 40 chini ya sifuri. Halafu kuna hita: sensa ikidanganya haiwezi kukugandisha vidole.

Mshale ukikaa 90 sawasawa lakini hita ni baridi, huo ni ugonjwa mwingine: hewa imenasa kwenye maji, au rejeta ndogo ya hita imeziba. Msichanganye.

Tatu, mpira wa chini wa rejeta. Niliendesha mtaani taratibu, namba ikafika 40, nikasimama, nikazima injini kabla ya kuingiza mkono (feni haina huruma) na kushika mpira. Ulitakiwa uwe baridi kama jiwe. Ulikuwa na uvuguvugu. Maji yalikuwa yanapita mlango ambao ulipaswa kuwa umefungwa.

Kipimo cha mwisho ndicho kilichonimaliza wasiwasi. Jumapili nilimchukua Mama Salma ashike simu asome, mimi niendeshe. Mjini, taa hadi taa, namba ilipanda hadi 71. Tukaingia barabara kuu ya M1 kuelekea kaskazini, maili 70 kwa saa, upepo wote unapiga rejeta. Akaanza kusoma kama mtangazaji wa mpira: "Sitini na nane. Sitini na tano. Sitini na moja. Hamsini na nane." Tukatoka, tukasimama kwenye taa, ikapanda tena. Injini nzima ingekaa karibu na 90 mjini na barabara kuu. Hii ilikuwa inapozwa na upepo kama chai kwenye sahani. Kifaa kilionyesha pia kosa P0128, ambalo maana yake ni kwamba maji hayafiki joto ambalo themostati inatakiwa kuyafikisha. Mashine ya gereji nayo bila shaka ililiona. Filta ilikuwa imeziba kweli, hawakudanganya. Ila hawakuuliza kwa nini imeziba, na filta mpya ingeziba vilevile kabla ya Pasaka.

Leicester ina neema moja. Mtaa wa pili kutoka kwetu yupo mzee wa Kigujarati, mzaliwa wa Jinja, aliyefika hapa 1972 Wahindi walipofukuzwa Uganda. Bado anatengeneza magari mawili matatu kwa wiki, na Kiswahili chake cha gereji hakijapata kutu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akasoma karatasi yangu ya namba, akasema, "Kijana, wewe umeshamaliza kazi, mimi nafungua boliti tu." Themostati na mpira wake wa kuzuia maji, paundi 31. Maji mapya ya rejeta, 18. Ufundi, 70, pamoja na kuilazimisha filta kujichoma kwa mashine yake, kazi iliyochukua dakika 25 na harufu ambayo majirani wataikumbuka.

Ile ya zamani niliiomba. Ilikuwa baridi mkononi na bado kuna uwazi wa kupitisha kucha. Ile mpya nilikuwa nimeijaribu jikoni kabla: unaifunga uzi, unaining'iniza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko na kipimajoto cha kupikia pembeni, isiguse chini. Ilianza kufunguka nyuzi 87, kama ilivyochongwa juu yake. Ya zamani mkitaka kuijaribu tumieni sufuria ya kutupa. Maji ya rejeta ni sumu, na mengi yana ladha tamu inayovutia watoto na paka. Mama Salma alinisimamia kama askari.

Sasa namba inafika 89 ndani ya dakika kumi na mbili na haishuki M1. Dizeli tumetoka maili 41 kwa galoni tukafika 48. Hita inachoma.

Nilimpigia tena mjomba, nikamweleza kwa adabu. Alinyamaza kidogo, kisha akakubali kwamba hata huko kwake wanaing'oa kwa sababu rejeta zimejaa kutu na mwenye gari hana pesa ya kuzisafisha, na kwamba ziko injini ambazo ukiing'oa zinachemka zaidi, maana themostati ikifunguka ndiyo inayofunga njia ya mkato, na bila yake maji yanairuka rejeta. Ana debe zima la themostati chini ya meza yake. "Basi huyo Mama Salma akija," akasema, "mpe mbili mpya za Land Cruiser aniletee." Ameshazifunga kwenye sanduku, katikati ya nguo za Salma. Wanaondoka tarehe 14.