Kazi ya Hoteli na Binti Zetu

Wapo wazazi huko Mbinga ambao hawaoni uchungu kutoa fedha ya kahawa kumsomesha binti ualimu au uuguzi. Lakini akitamka hoteli, nyumba nzima hunyamaza. Wanaogopa jina baya. Yafaa zaidi kumwogopa dalali anayempeleka msichana Uarabuni bila ujuzi wala mkataba anaouelewa, akafika huko akanyang'anywa pasipoti na kufungiwa jikoni mwa mtu.

Hoteli ni elimu. Wenzetu wa Kenya walifungua Chuo cha Utalii, Nairobi, mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, nchi iliyobobea katika kazi hiyo. Nasi tunacho Chuo cha Taifa cha Utalii, Dar es Salaam na Arusha. Kabla ya kulipa ada popote, mzazi na aulize: wanafunzi hupelekwa hoteli zipi kwa mafunzo ya vitendo, na kwa muda gani? Cheti kitupu hakimtambulishi mtu kwa walimwengu. Humtambulisha mpishi mkuu aliyemwona akihimili joto la jiko miezi kadhaa, kisha akakubali kumwandikia barua kwa mwenzake wa ng'ambo.

Wala walimwengu hawako mbali na Mbamba Bay. Wageni hufika kutazama samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa, ambao huko Ulaya hufugwa katika matangi ya kioo. Mgeni akipata chumba safi, mbasa aliyepikwa vema, na binti wa pale pale anayeweza kumweleza habari za ziwa kwa Kiingereza, huenda huyo ndiye akamwandikia barua ya kwanza.