Kizuri Chajiuza: Kozi za Likizo na Mlango wa Chuo Kikuu

Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, vyuo vikuu vingi vya Marekani huwafungulia wanafunzi wa sekondari mabweni na madarasa yao. Wako wanaokaa wiki moja, wako wanaokaa wiki sita. Wazazi wengi hulipa wakiamini kwamba mtoto aliyelala katika bweni la chuo mwezi Julai amekwisha kuingiza mguu mmoja mlangoni. Imani hiyo ina ukweli kwa programu chache. Kwa zilizobaki, kinachouzwa ni matumaini.

Programu hizo ni za namna mbili. Namna ya kwanza huchuja. Research Science Institute, iliyoanzishwa mwaka 1984 na ambayo sasa hufanyika katika chuo cha MIT, huchukua wanafunzi wapatao 100 kwa wiki sita bila kuwatoza ada. MITES ya chuo hichohicho nayo haitozi ada ya masomo wala ya malazi. Kuingia humo ni kazi ngumu, na maafisa wa udahili wanalijua hilo.

Namna ya pili hutafuta wateja. Kozi ya wiki mbili yaweza kupita dola 5,000, na mwenye alama za kuridhisha na ada mkononi hakataliwi kirahisi. Nyingine hata si za chuo: ni za kampuni zilizokodi vyumba wenyewe wakiwa likizo. Barua zake huja katika bahasha nzito yenye nembo inayong'aa, zikimwambia mtoto kwa jina lake kwamba "ameteuliwa". Bei hukaa ukurasa wa mwisho. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Fomu ya Common Application, inayotumiwa na vyuo vingi vya nchi hiyo, humpa mwombaji nafasi 10 za kuorodhesha shughuli zake, na kila shughuli huelezwa kwa herufi zisizozidi 150. Wiki mbili za dola 5,000 huishia katika mstari huo mmoja. Anayeusoma anajua ni kozi ipi hupatikana kwa jasho na ipi hupatikana kwa pesa, na jina kubwa la chuo halimbabaishi.

Hata sifa ya programu zinazochuja isichukuliwe kuwa uchawi. Wanafunzi wake huingia vyuo vikubwa kwa wingi, lakini mchele huo ulikwisha kupepetwa kabla ya kutiwa chunguni. Faida yake halisi ni kazi inayofanyika humo. Katika Summer Science Program, iliyoanza mwaka 1959, wanafunzi wa fani ya falaki hukesha wakipiga picha za asteroidi iliyo karibu na Dunia, hupima mahali ilipo kati ya nyota, kisha hukokotoa njia yake kuzunguka Jua. Atokaye hapo ana jambo la kuandika katika insha yake, na ana mwalimu aliyemwona akifanya kazi.

Basi mzazi asitoe fedha kabla ya kuuliza: programu inaendeshwa na nani? Inachagua kwa kigezo gani? Mtoto atarudi na kazi gani aliyoifanya mwenyewe? Mwanafunzi wa Afrika aangalie pia Yale Young African Scholars, isiyotoza ada ya ushiriki.

Asiye na uwezo asikate tamaa. Fomu ileile ina nafasi ya kazi ya malipo na ya majukumu ya nyumbani. Kijana aliyeuza dukani likizo nzima au aliyelea wadogo zake ana la kuandika, tena la kweli. Na mwenye uwezo ampeleke mwanawe kwa ajili ya elimu yenyewe. Chuo kikimkataa, hesabu za ile asteroidi zitabaki kuwa zake.