Tusiharakishe kuisafisha dini

NENO LA BARAZANI
Na Mwanakombo Shee

Damu ikimwagika kwa jina la Mungu, hatukawii kusikia kauli zile zile. Al-Shabaab wakiua, masheikh wetu husimama mbele ya maikrofoni na kusema hao si Waislamu. Mhubiri akiwazika waumini wake porini, maaskofu nao hutwambia huyo si Mkristo. Na wapo waliochoshwa na dini zote, ambao kwao jawabu ni jepesi: chanzo ni msahafu na Biblia, basi. Mimi ni mtu wa kusali, na naona pande zote mbili zinakwepa kazi.

Chukua Shakahola. Tangu makachero waanze kufukua makaburi katika msitu ule wa Kilifi mwezi Aprili 2023, imetolewa miili zaidi ya 400. Chumba cha maiti cha Malindi kilizidiwa hadi yakaletwa makontena yenye majokofu. Hapo usinitajie sababu tulizozoea kuzisikia, umaskini au polisi waliomuua kaka wa mtu. Miongoni mwa waliokwenda kule walikuwemo waliosoma, watu wa mishahara. Waliuza mali, wakapata vipande vya ardhi katika vitongoji vilivyoitwa kwa majina ya Biblia, wakakaa kumngoja Yesu. Ilielezwa baadaye kwamba kufa njaa kulipangiwa zamu: watoto kwanza, kisha vijana wasiooa na wasioolewa, kisha wanawake, kisha wanaume, na mwisho kabisa mhubiri wao, Paul Mackenzie, mwenyewe. (Huyo wa mwisho alitoka mzima, na amekana mashtaka.)

Sasa nani atathubutu kusema kwamba mama aliyemnyima mwanawe maji hakuwa muumini? Aliamini kuliko wengi wetu tunaosali huku tukitazama saa. Tukimtoa katika dini ili dini ibaki safi, tutakuwa tumekataa kumwangalia usoni.

Lakini imani hiyo hiyo ina upande mwingine, na anayeituhumu dini auangalie nao. Mnamo Novemba 2014 magaidi walisimamisha basi lililokuwa likitoka Mandera, wakawatenga walioshindwa kutamka shahada, wakaua watu 28. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 21, 2015, basi jingine lililokuwa likienda Mandera likamiminiwa risasi karibu na El Wak. Abiria hawakuhitaji kuelezwa kinachofuata. Wanawake wa Kiislamu wakawapa Wakristo mitandio yao wajifunike. Ilipotoka amri kwamba Waislamu wakae upande wao, wakagoma. Wakasema wauawe wote au waachwe wote. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu huko Mandera, alikuwa mmoja wa waliogoma. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016 akiwa bado anatibiwa.

Mtu ataniambia huo ulikuwa ubinadamu tu, dini haikuhusika. Huenda. Ila ni ajabu kwamba tukiona ubaya tunauliza mtu anasali wapi, na tukiona wema hatuulizi.

Ninavyoona mimi, msitu na basi havikutofautiana kwa ukali wa imani. Vilitofautiana kwa jambo moja: anayesema kwa niaba ya Mungu alikuwa na wa kumjibu? Ndani ya basi walikuwemo wa kumjibu, tena mtutu ukiwa umewaelekea. Msituni hakubaki hata mmoja, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Mackenzie alianza na shule. Mwaka 2017 alikamatwa kwa mahubiri yaliyowatoa watoto darasani. Mwaka 2019 akaja na vita dhidi ya Huduma Namba, ile namba ya utambulisho ya serikali, kwamba ni alama ya shetani. Hospitali nayo akaiharamisha. Mwalimu akatoka katika maisha ya wale watu, nesi akatoka, shangazi mwenye mdomo naye akatoka. Alipowahamishia porini, kazi kubwa ilikuwa imeshafanyika.

Hata kwetu Mombasa tuliyaona. Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, alisimama hadharani kupinga vijana kuvutwa kwenda kupigana Somalia. Vijana wa msimamo mkali wakamtoa katika Msikiti wa Sakina, pale Majengo. Juni 2014 akapigwa risasi akafa. Sisemi ni nani aliyefyatua. Nasema aliyenyamazishwa alikuwa mtu wa elimu, ambaye kijana akileta aya moja angeweza kumwonyesha iliyotangulia na inayofuata.

Elimu hiyo si kitu kidogo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, UNDP, lilitoa ripoti mwaka 2017 baada ya kuwahoji mamia ya Waafrika waliojiunga kwa hiari na makundi ya itikadi kali. Asilimia 57 walikiri kwamba hawakuyaelewa maandiko ya dini yao, au waliyaelewa kidogo tu. Na aliyepata angalau miaka 6 ya masomo ya dini, uwezekano wake wa kujiunga ulipungua kwa hadi asilimia 32. Wanaotaka madrasa zifungwe waisome tena takwimu hiyo. Kijana aliyekaa chini ya walimu amezoea kuona wanazuoni wakipingana na bado wakila sahani moja. Hawajakubaliana hata mikono iwekwe wapi katika sala, na kila Ramadhani ikikaribia kwisha Pwani nzima inagombania mwezi. Aliyelelewa katika mabishano hayo, akijiwa na mtu mwenye jibu moja kwa kila swali, humshuku.

Serikali nayo isifurahie safu hii mapema. Ripoti ile ile ilionyesha kwamba kwa asilimia 71 ya wale wapiganaji, kilichowasukuma hatua ya mwisho ni tendo la dola, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Polisi walipoingia msikiti wa Masjid Musa, hapa Mombasa, Februari 2014 na kusomba vijana zaidi ya mia, mwenye kusajili wapiganaji hakuhitaji tena kutafuta maneno ya kuwaambia waliobaki.

Tangu Shakahola kumekuwa na mazungumzo mengi ya sheria mpya. Jopo la rais kuhusu mashirika ya dini, lililoongozwa na Mutava Musyimi, lilileta mapendekezo, na wahubiri wengi wakaja juu. Wapo wanaotaka kila mhubiri awe na cheti cha theolojia. Sawa, lakini Padri Athanase Seromba alikuwa nacho kisomo cha seminari. Aprili 1994, huko Nyange, Rwanda, kanisa la parokia yake liliangushwa kwa tingatinga juu ya Watutsi wapatao 1,500 waliokimbilia humo. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2008 kwa sehemu yake katika mauaji hayo. Kisomo cha padri hakikuwasaidia waliokuwa ndani, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumzuia yeye.

Kwa hiyo ningeanza na mambo madogo yasiyongoja bunge. Mtoto akitolewa shuleni kwa sababu ya mahubiri, mwalimu mkuu amwandikie chifu, na chifu abishe hodi kabla ya wiki kwisha. Mackenzie alikuwa ameshakamatwa zaidi ya mara moja kabla ya 2023, na kila mara alirudi kwa waumini wake. Kamati ya Seneti yenyewe ilikiri kwamba mfumo wa haki ulizembea.

Na kila nyumba ya ibada iweke muda wa maswali baada ya mahubiri, mbele ya watu, na wanawake wakiwemo. Swali la kwanza ningependa liwe hili: na wewe ukikosea, nani anakwambia? Nimelipeleka pendekezo hilo msikitini kwetu. Imamu amelipokea kwa heshima zote na kusema atalifikisha kwenye kamati. Kamati yenyewe haina mwanamke hata mmoja.