Mashauri ya Nyumbani: Mkono Uliohurumiwa Mno

Mwezi huu twanena habari ya uvimbe uotao katika kombe la bega, nao madaktari huuita osteokondroma. Ni mfupa wenye kofia ya gegedu. Huanza utotoni, hukua pamoja na mtoto, na kwa kawaida hukoma mwili ukomapo kukua. Si saratani, wala si kazi ya jirani mwenye kijicho. Lakini ukiota kati ya kombe na mbavu, kombe haliwezi kuteleza vema: mkono uinuliwapo husikika mlio, na pengine kombe hutokeza mgongoni mfano wa bawa. Mtoto huyo asikandwe wala asichanjwe chale. Apigwe picha ya eksirei, daktari apate kujua ni uvimbe gani. Usioumiza huweza kuachwa na kuangaliwa tu, usumbuao hukatwa.

Sasa wazazi, sikieni. Baada ya kukatwa, mkono hutungikwa shingoni kwa kitambaa. Mama kwa huruma hutaka ukae hivyo hata mwezi wa pili. Huruma hii hudhuru, maana kiungo kisichotumika hukakamaa na nyama zake hunyauka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye atakayetaja siku ya kuanza na kadiri ya kila zoezi. Yeye na afuatwe. Mara nyingi mtoto kwanza huinama, akauacha mkono ubembee taratibu kama ulimi wa kengele. Baadaye hupandisha vidole ukutani. Mwisho husukuma ukuta kwa viganja, ili nyama zishikazo kombe mbavuni zipate nguvu tena. Kuvutika kidogo si ajabu. Lakini maumivu makali, homa, usaha au ganzi ya vidole, arudishwe hospitali upesi.

Nanyi walimu, msimpe ndoo wala jembe kabla ya ruhusa, wala msimfanye kiwete akiisha kuruhusiwa.

Bwana wetu alipomponya mwenye mkono uliopooza, alimwamuru aunyoshe. Uponyaji ulitoka kwa Bwana, na kunyosha kulikuwa kwake mgonjwa. Basi kila jioni kabla ya sala, baba na ahesabu, na ndugu wa mtoto wasimame naye ukutani, asione haya. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.