Cheti cha mikopo bila Kiswahili ni nusu cheti

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Walimwona mkopaji akicheka siku ya kupokea na kununa siku ya kurejesha, wakamtungia methali. Lakini kuna mtu mmoja ambaye methali hiyo haikumtaja, naye ndiye ninayetaka kumzungumzia leo. Huyu ni yule aketiye katikati ya harusi na matanga, kalamu mkononi, akiamua nani apewe, apewe kiasi gani, na alipe vipi. Kwa lugha ya siku hizi tunamwita afisa wa mikopo.

Nimesukumwa kuandika na masaibu ya rafiki yangu wa miaka mingi, mwalimu wa shule ya msingi. Mwenzake wa shule alimwomba awe mdhamini wake katika mkopo, naye, kwa ule utu wa walimu tunaoufahamu sote, akatia sahihi. Miezi haikuwa mingi mwenzake aliacha kazi na kutokomea, na fedha zikaanza kukatwa kwenye mshahara wa mdhamini. Alipokwenda kuuliza, afisa aliyemtilisha sahihi alimjibu kwamba kila kitu kilikuwa kimeandikwa katika fomu. Ni kweli, kilikuwa kimeandikwa: kurasa kadha za Kiingereza cha mawakili, kwa herufi ndogo kama chawa.

Jambo lililonishtua zaidi ni kauli ya rafiki yangu mwenyewe. Aliniambia: "Ndugu yangu, mimi nilidhani mdhamini ni mtu wa kusema tu kwamba huyu namjua." Na huyu ni mwalimu wa Kiswahili! Hata hivyo, hakukosea kwa ujinga. Neno hilo analisikia kila siku redioni: mdhamini wa kipindi, mdhamini wa mashindano ya kandanda. Huyo wa redioni hutoa fedha kwa hiari yake, tena kwa kiasi alichokipanga. Mdhamini wa mkopo ni mtu mwingine kabisa. Yeye hukubali kulibeba deni la mwenzake iwapo mwenye deni atashindwa. Neno ni moja, mizigo ni miwili, na aliyekuwa na wajibu wa kuitenganisha alinyamaza. Sidhani alinyamaza kwa hila. Nadhani alinyamaza kwa sababu hakuna aliyewahi kumfunza kuyasema hayo kwa lugha ya yule aliyeketi mbele yake.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kazi ya kukopesha ni taaluma, na yafaa iwe na mafunzo na vyeti kama taaluma nyinginezo. Lakini cheti ambacho hakimpimi mhitimu uwezo wa kuueleza mkopo kwa Kiswahili kinachoeleweka ni nusu cheti.

Yamkini wapo wanafunzi ambao hawajawahi kusikia kwamba kukopesha ni jambo la kusomewa. Kule Marekani, wasimamizi wa mikopo waliunda chama chao cha kitaifa mwaka 1896. Waingereza waliunda taasisi yao mwaka 1939, nayo tangu mwaka 2015 inatambuliwa kwa hati ya kifalme. Hapa kwetu, KASNEB, bodi iliyoundwa mwaka 1969 ili kutahini wahasibu na makatibu wa kampuni, ina mtihani wa CCP, yaani wa wataalamu wa mikopo walioidhinishwa. Mwanafunzi aliyepata alama ya wastani ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne aweza kuuanza, akasoma hesabu za biashara, sheria, uchumi, uchambuzi wa mikopo na ukusanyaji wa madeni.

Nayasema haya kwa makusudi, maana katika shule zetu tunapowashauri vijana kuhusu kazi, aghalabu tunawatajia udaktari, uhandisi, uanasheria na ualimu, kisha tunanyamaza. Ilhali kila benki, kila chama cha akiba na mikopo, kila kampuni iuzayo mbolea au saruji kwa malipo ya baadaye inamhitaji mtu wa kupima nani aaminiwe. Aidha, mwalimu hawezi kuingia darasani kihalali bila kusajiliwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, lakini mtu aweza kuajiriwa kuwa afisa wa mikopo akiwa na shahada ya somo lolote, akajifunza kazi kwa kuyajaribu maisha ya watu. Kijana aliyepata mafunzo na kutahiniwa ni afadhali kwetu sote.

Wakufunzi wa taaluma hii hupenda kufundisha nguzo tano za kumpima mkopaji: tabia yake, uwezo wake wa kulipa, mtaji alio nao, dhamana anayoweka, na hali ya mambo kwa jumla. Tazama vizuri nguzo hizo, msomaji wangu. Ni ipi kati yazo inayoweza kupimwa bila mazungumzo? Tabia haionekani katika stakabadhi pekee. Uwezo nao una mipaka iliyowekwa na sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote kwa jumla kupita theluthi mbili za mshahara, na walimu wengi wanaujua mpaka huo kwa uchungu. Afisa asiyeweza kumwuliza mama muuza samaki wa Kisumu, au mkulima wa viazi wa Nyandarua, maswali yaliyonyooka na kuyaelewa majibu, atabaki kujaza fomu tu.

Nitatoa mfano mmoja wa hesabu, kwa kuwa wasomaji wangu ni walimu na wanafunzi, watu wa kuhakikisha wenyewe. Tuseme mtu amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, alipe kwa miezi 12. Mkopeshaji wa kwanza anaihesabu riba juu ya mkopo wote wa awali tangu mwanzo hadi mwisho. Mkopaji atalipa shilingi 9,333 kila mwezi, jumla shilingi 112,000. Mkopeshaji wa pili anaihesabu riba juu ya salio lililobaki kila mwezi. Mkopaji wake atalipa shilingi 8,885 hivi kila mwezi, na jumla haitafika shilingi 106,700. Wote wawili wamebandika tangazo moja mlangoni: asilimia 12. Wote wawili hawajasema uongo. Hata hivyo, tofauti ni zaidi ya shilingi 5,300, nazo ni za mtu ambaye hakuelezwa. Maneno machache tu yangemwokoa: "Riba yetu haipungui hata deni likipungua." Je, ni mtihani gani unaomtaka afisa mtarajiwa aiseme sentensi hiyo kwa Kiswahili?

Najua nitajibiwa nini. Kwanza, nitaambiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za fedha. Hoja hii imechakaa. Deni, dhamana, rehani, riba, amana na karadha ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu zamani, tukayafanya yetu, na mengi tunayatumia kila siku. Biashara ya pwani iliendeshwa kwa mikopo kabla ya benki yoyote kufungua mlango Nairobi. Katika karne ya 19, misafara ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, iliingia bara kwa bidhaa alizokopeshwa na matajiri wa Unguja, akiwamo Taria Topan. Misafara ile ilibeba dhuluma kubwa, na siisifu. Nasema tu kwamba mtu aliyesimulia habari za mikopo hiyo katika tawasifu yake aliisimulia kwa Kiswahili, na lugha haikumpungukia.

Inayopungua si lugha, ni uzoefu wa kuitumia kwa uangalifu. Neno mdhamini tumeliona. Tulitazame na neno riba. Kwa mkopaji Mwislamu wa Mombasa au Garissa, riba si hesabu tu, ni jambo lililoharamishwa na dini yake. Tangu mwaka 2008 nchi hii imekuwa na benki ziendeshwazo kwa misingi ya sharia ya Kiislamu, ambapo benki hununua kitu na kumwuzia mteja kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, badala ya kumkopesha fedha kwa riba. Afisa anayeiita faida hiyo riba atakuwa amemfukuza mteja kwa neno moja. Mambo kama haya hufunzwa, hayaokotwi njiani.

Pili, nitaambiwa kwamba si kila Mkenya anaongea Kiswahili nyumbani. Hilo ni kweli, na siwadharau wanaohitaji kuelezwa kwa Kiturukana au Kigusii. Lakini Kiswahili kilifanywa somo la lazima katika mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka 1985, kwa hivyo vijana wanaofanya mitihani ya taaluma wamekisoma kwa miaka mingi. Tukikiacha nje ya chumba cha mtihani, tunautupa ujuzi ambao taifa limekwisha kuugharamia.

Tatu, nitaambiwa kwamba sheria inatosha kumlinda mkopaji. Sheria tunazo, na baadhi ni nzuri. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, na katika kifungu cha 46 inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na huduma hiyo kikamilifu. Mikopo ya simu ilipoenea baada ya mwaka 2012, baadhi ya wakopeshaji waliwapigia simu jamaa na wakubwa wa kazi wa wadaiwa ili kuwaaibisha. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2021, na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zikapiga marufuku vitisho na aibu za namna hiyo. Hayo ni maendeleo. Lakini sheria humfikia mkopaji akiwa amekwisha kuumia, naye afisa wa mikopo humfikia kabla ya sahihi. Haki ya kupewa habari haina maana ikiwa habari zenyewe zimefungwa katika lugha ambayo mwenye haki haielewi barabara.

Isitoshe, mkopeshaji naye ananufaika. Deni lililoeleweka ni rahisi kulipwa kuliko deni lililomshtukiza mtu. Mkopaji anayejua kwamba kuchelewa kutalipeleka jina lake kwa mashirika ya kuhifadhi kumbukumbu za wakopaji, maarufu kama CRB, atakuja mapema kuomba muda. Asiyejua atazima simu. Dawa ya deni ni kulipa, wasemavyo Waswahili, lakini mgonjwa hawezi kumeza dawa asiyoelezwa namna ya kuitumia.

Napendekeza nini, basi? Sipendekezi karatasi nzima ya Kiswahili, wala sitaki wanafunzi wabebeshwe ada nyingine. Napendekeza mambo matatu yaliyo mepesi. Bodi ya mitihani iweke swali moja la lazima, ambamo mtahiniwa anapewa mkataba wa mkopo na kutakiwa aandike kwa Kiswahili cha kawaida maelezo ya ukurasa mmoja kwa mkopaji na mdhamini wake: kiasi, riba na namna inavyohesabiwa, ada, dhamana, na yatakayowapata wasipolipa. Vyuo vinavyowatayarisha watahiniwa vifanye mazoezi ya mahojiano kwa Kiswahili, mmoja akiwa afisa na mwingine mkopaji. Nasi wanaisimu wa vyuo vikuu tushuke kutoka kwenye makongamano yetu, tukae na watu wa fedha, tusawazishe istilahi ili mdhamini wa kandanda asichanganywe tena na mdhamini wa deni.

Walimu wa Kiswahili nao wasingoje bodi. Ufahamu na ufupisho tunaoufunza kila muhula waweza kufanywa kwa kutumia fomu ya mkopo badala ya hadithi ya sungura na fisi. Mwalimu wa biashara akishirikiana na mwalimu wa Kiswahili, kidato cha tatu kitatoka darasani kikiwa kimeelewa jambo ambalo rafiki yangu alilielewa akiwa amechelewa. Nanyi wanafunzi mnaotafuta kazi ya kusomea, iangalieni taaluma hii kwa jicho jipya. Inamtaka mtu wa hesabu, lakini pia inamtaka mtu wa maneno na mwenye kuheshimu watu.

Rafiki yangu bado anakatwa mshahara. Alitia sahihi, na sheria haimwonei. Lakini kila mwisho wa mwezi anapoitazama hati ya mshahara wake, analilipia neno moja ambalo afisa hakulieleza. Siku ile yule afisa alihitaji dakika tano na sentensi mbili za Kiswahili. Tuhakikishe kwamba wanaokuja nyuma yake hawapewi cheti kabla hawajaweza kuzitamka.