Ganda la risasi linasema nini, na linanyamaza wapi

Tangu mapigano ya Goma mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, picha za namna moja zinazunguka kwenye simu: kiganja cha mtu, ndani yake ganda la risasi, kitako kimegeuzwa juu ili herufi na namba zisomeke. Chini yake kuna jina la nchi, na watu wanaanza kubishana. Huyu anasema sasa ukweli umeonekana, yule anajibu ni uongo mtupu. Wote wawili wanaamini kitako cha ganda ni kama kitambulisho chenye jina la aliyefyatua. Sivyo. Lakini pia si kitu cha kutupa.

Tuanze na chombo chenyewe. Risasi nzima ina vipande vinne: ganda, baruti iliyo ndani, kichwa kinachoruka, na amorsi, yaani kile kifuniko kidogo cha katikati ya kitako ambacho pini ya bunduki inakigonga ili kuwasha baruti. Kichwa kinaenda zake, baruti inaungua. Kinachobaki chini ni ganda. Na kwa kuwa alama za kiwanda zimegongwa hapo kwenye kitako, watu wanadhani ganda linasimulia hadithi yote.

Ili kuona mipaka ya hadithi hiyo, tutoke kidogo Kivu, twende Marekani. Kule kuna raia wengi, wawindaji na wapiga shabaha, wanaojitengenezea risasi nyumbani. Kwa matumizi yako mwenyewe sheria ya nchi haidai leseni. Leseni inadaiwa ukitengeneza kwa kuuza. Mtu anaokota maganda yake, anayasafisha, anaweka amorsi mpya, baruti mpya, kichwa kipya. Ganda la shaba njano linaweza kutumika mara kadhaa.

Kisha ikaja shida ya mwaka 2020. Ugonjwa wa korona, maandamano na uchaguzi viliwafanya Wamarekani wanunue risasi kwa fujo, na amorsi zikapotea madukani. Kabla ya hapo elfu moja zilipatikana kwa dola kama 30 au 40. Mwaka 2021 watu waliuziana kwa zaidi ya 100. Ndipo maganda ambayo tayari yana amorsi yakawa mali. Mengine ni mapya kutoka kiwandani, mengine yanatoka kwenye risasi za jeshi zilizofunguliwa, kichwa na baruti zikatolewa, ganda likauzwa kwa raia na amorsi yake ndani. Na swali likaja lenyewe: kama nina ganda lenye amorsi lakini si la kalibri ya bunduki yangu, naweza kuligeuza bila kupoteza amorsi hiyo?

Mfano unaojulikana sana ni ganda la 5.56, lile la bunduki za NATO, lenye urefu wa milimita 45. Likikatwa mpaka karibu 35 na shingo ikiundwa upya, linapokea kichwa kinene zaidi na kuwa risasi ya .300 Blackout, kalibri iliyopitishwa rasmi kule mwaka 2011. Na ganda tupu si taabu kubwa. Lenye amorsi ndilo linaleta mashaka, sababu kitu kinachoweza kulipuka kinakaa ndani wakati wewe unakata, unabana, unapaka mafuta. Mafuta kidogo yakiingia, amorsi inaweza kukufa na risasi isitoke siku unayoihitaji. Ikibanwa vibaya, inaweza kuwaka mkononi. Hata moto wa kulainisha shingo haukubaliki tena. Wenye uzoefu wengi wanaona faida hailingani na hatari, na mimi sioni sababu ya kuwapinga.

Kinachotuhusu sisi ni kitako. Baada ya kazi yote hiyo kitako hakiguswi. Ganda lililotoka kiwanda cha jeshi cha Lake City, Missouri, bado limeandikwa LC, mwaka, na ule msalaba ndani ya duara wa NATO. Lakini sasa ni risasi ya kalibri nyingine, imetengenezwa kwenye gereji ya mtu, imepigwa na bunduki ya kuwinda. Anayesoma kitako peke yake atasema: jeshi. Atakuwa amekosea kalibri, amekosea mtengenezaji, amekosea na mpigaji.

Je, kugeuzwa huko kunafuta kila kitu? Hapana. Baada ya mauaji ya Las Vegas ya tarehe 1 mwezi wa kumi 2017, ambapo watu 60 walipoteza maisha, wapelelezi walikuta katika chumba cha muuaji risasi ambazo hazikupigwa, zenye alama za vidole vya muuzaji mmoja wa Arizona na mikwaruzo iliyolingana na mashine zake. Mtu huyo alikiri kutengeneza risasi bila leseni, na mwaka 2020 alihukumiwa kifungo cha miezi 13. Lakini hiyo ilihitaji maabara, mashine zenyewe, na risasi ambazo hazijapita katika mikono ya watu kumi.

Sasa turudi kwetu. Je, maganda ya kwenye avenyu zetu nayo yamegeuzwa hivyo? Kwa kawaida hapana, na sababu ni ya kiufundi. Risasi nyingi za AK, 7.62 kwa 39, zina ganda la chuma, si la shaba njano. Tena amorsi zake nyingi ni za mtindo wa Berdan, wenye matundu mawili madogo chini, ambazo kuziondoa ni taabu. Mtindo wa Boxer, wa tundu moja la katikati, ndio unaopendwa na watengenezaji wa nyumbani. (Ajabu yenyewe: Berdan alikuwa Mmarekani, Boxer Mwingereza, lakini Wamarekani wakachukua wa Mwingereza na Ulaya ikachukua wa Mmarekani.) Kwa hiyo alama ya ganda la AK lililookotwa Minova au Sake mara nyingi inasema kweli.

Kweli gani, basi? Kiwanda na mwaka, na hata hivyo si wazi. Chukua namba 270. Hiyo ni alama ya kiwanda cha Luhansk. Risasi ya mwaka 1980 yenye namba hiyo ilitengenezwa Umoja wa Kisovieti, nchi ambayo haipo tena. Mji ulibaki Ukraine, leo unashikiliwa na Urusi. Utamshitaki nani? Na risasi hiyo imeweza kuuzwa kwa jeshi moja, kupewa jeshi la pili, kuibwa ghalani, kunyang'anywa vitani, kuuzwa tena kwa debe. Kwetu hapa silaha za FARDC zimeangukia mikono ya vikundi mara nyingi, na za vikundi zimerudi. Ganda linajua lilikozaliwa, halijui lilikopita.

Ndiyo sababu Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, lililoundwa kwa azimio namba 1533 la mwaka 2004, haliangalii ganda moja. Wanatafuta mengi ya mahali pamoja, wanatafuta masanduku yenye namba za shehena, kisha wanaandikia nchi iliyotengeneza: hii mliuzia nani? Sanduku moja la mbao lenye maandishi mazima lina thamani kuliko kiroba cha maganda. Lakini masanduku hayo ndiyo watu wanageuza kuni siku hiyo hiyo.

Na kazi yao imekuwa ngumu zaidi. Tangu vikwazo viwekwe mwaka 2003 vimebadilika sana. Mwezi wa kumi na mbili 2022, kwa azimio namba 2667, Baraza la Usalama liliondoa sharti la kutoa taarifa kabla ya kuiuzia serikali ya Kinshasa silaha. Serikali ilipigania hilo kwa miaka, na ina haki ya kujilinda. Lakini karatasi za kulinganisha zimepungua. Vikundi vyenye silaha vinabaki chini ya vikwazo.

Sheria ya dunia nayo ina tundu. Mwaka 2005 mataifa yalikubaliana namna ya kufuatilia silaha ndogo zilizoingia njia haramu. Risasi ziliachwa nje. Bunduki inafuatiliwa, inachokula hakifuatiliwi. Mkataba wa Kinshasa wa mwaka 2010, ulioanza kufanya kazi mwezi wa tatu 2017, unataja risasi na vipande vyake mpaka kwenye jina lake. Ni hatua, lakini mkataba haufungi ghala lisilo na mlango.

Kwa mkaaji anayekuta maganda mbele ya nyumba, la kwanza ni mikono kukaa mbali, zaidi sana ya watoto. Ganda likiwa na amorsi ambayo haijagongwa bado ni kilipuzi. Hata kanuni za usafirishaji za Umoja wa Mataifa zinaweka ganda tupu lenye amorsi katika daraja la vilipuzi. Likitupwa kwenye moto wa mfua vyuma linapasuka na kurusha vipande usoni. Na alama ya kugongwa haihakikishi kitu, maana kuna amorsi zinazogongwa zisiwake. Tena katikati ya maganda hukosi kukuta risasi nzima, au grunedi. Kama ni lazima picha, piga kwa mbali kidogo, ganda likiwa palepale, ukuta au njia vionekane, andika siku na saa. Picha ya kiganja haionyeshi lilikotoka. Hata ningeokota Kampala ingeonekana vilevile.

Mwezi wa kumi na mbili 2023 Umoja wa Mataifa ulipitisha mpango wa kwanza wa dunia juu ya risasi na namna ya kuzisimamia tangu kiwandani mpaka mwisho wake. Haufungi nchi yoyote kisheria. Mkutano wa mataifa wa kuangalia utekelezaji wake umepangwa mwaka 2027.